Msimfungie ndani mdogo wako

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema mdogo wako amekubali kuacha unga, ile heroini, na kwamba wazee wameshauri apelekwe kijijini, afungiwe chumbani mpaka arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa, iishe. Nakuomba uwazuie kwanza, kwa sababu sisi tulifanya hivyo hivyo.

Binamu yangu tulimfungia Kibosho kwa wiki tatu. Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24 tangu mtu atumie mara ya mwisho, na siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote. Alipiga miayo isiyokoma, machozi na kamasi vikimtiririka, vinyweleo vimesimama ingawa alikuwa amejifunika mablanketi mawili. Shangazi alimpelekea mtori. Jioni tuliukuta ukiwa na utando juu, kijiko bado kimekauka. Wiki ya tatu alikuwa amenawiri, akicheka na watoto, nasi tukachinja mbuzi wa shukrani. Siku ya nne baada ya kurudi mjini alikutwa amekufa nyuma ya vibanda vya stendi.

Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba mwili uliokaa bila heroini hupoteza ule uzoefu wa kuihimili, hivyo kiasi ambacho mtu alikuwa akikitumia kila siku bila kuanguka sasa kinaweza kusimamisha pumzi yake. Binamu yangu alikuwa ameacha kweli, Rehema, lakini hamu ilikuwa bado ipo, maana ubongo uliobadilishwa na dawa kwa miaka hauponi kwa wiki tatu, na sisi tulikuwa tumeshahesabu kwamba amepona.

Tiba ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na sasa kuna vituo katika mikoa kadhaa. Huduma ni bure. Ni dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na kwa kuwa hukaa mwilini kwa muda mrefu, huzuia arosto na kupunguza hamu, mtu akaweza kwenda kazini. Watakaokuambia kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Piga simu 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kituo kilicho karibu nanyi.

Muulize pia, kwa upole, kama anakunywa gongo kila siku au anameza vidonge vya usingizi, kwa kuwa kuacha vitu hivyo ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo, tofauti na arosto ya heroini ambayo hutesa mno lakini ni nadra kuua. Kama alikuwa akijidunga, apimwe VVU na homa ya ini. Na neno teja lisitamkwe tena humo nyumbani, hata na watoto.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi kuja Arusha, ili Jumatatu tumsindikize hospitali pamoja. Mpaka hapo alale chumba kimoja na kaka yenu, mlango usifungwe kwa nje.

Wako akupendaye,
Anna