Video za ngoma za wanachuo ziwe na maneno ya nyimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili niseme neno kuhusu kazi za video ambazo wanafunzi wa vyuo vya huku kwetu Mtwara na Lindi hupewa katika masomo ya fasihi na sanaa za maonyesho. Mwanachuo huambiwa ama akarekodi ngoma ya kijijini kwao, ama asome shairi au kifungu cha hadithi mbele ya simu, kisha aihariri kazi yake na kuiwasilisha kwa mkufunzi. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote, kwa sababu kijana aliyefuatana na kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde, huko Newala au Tandahimba wakati wa likizo huwa amejifunza mambo ambayo asingeyapata darasani. Kinachonisukuma kuandika ni kuona kwamba kucheza na kusoma vimefanywa kuwa kazi mbili zisizojuana, ilhali katika ngoma zetu huwezi kuielewa moja ukaiacha nyingine.

Hivi karibuni nilialikwa kutazama baadhi ya video hizo, na mojawapo ilikuwa ya sindimba. Picha zilikuwa safi kabisa: njuga zilionekana vifundoni, vumbi likitimka, na ngoma zikipashwa moto wa nyasi kavu ili ngozi zikaze kabla ya kupigwa. Hata hivyo, wachezaji walipoingia uwanjani, sauti yao ilikuwa imeondolewa na mahali pake pakawekwa wimbo wa bongo fleva. Karibu nami alikuwa ameketi mzee mmoja aliyekuwa mpiga ngoma katika ujana wake. Aliitazama miguu ya wachezaji kwa muda, akamgeukia kijana mwenye kazi yake na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, hapo wanaitikia nini?" Kijana hakuwa na jibu. Alikuwa amekaa nao jioni nzima, amewarekodi kwa ustadi mkubwa, lakini hakuandika hata mstari mmoja wa walichokiimba.

Sikusudii kumlaumu kijana yule, kwani alitimiza alichoagizwa, na mwongozo wa kazi haukumtaka aandike wimbo. Lakini swali la mzee lilikuwa swali la msingi. Manju huanzisha, wengine huitikia, mpigaji hubadili mapigo na mchezaji hubadili hatua. Aliyeikosa sauti ya manju ameona viungo vikitikisika bila kujua vimeitwa na nini. Ndani ya nyimbo hizo mvivu husemwa, mkarimu husifiwa, njaa na misiba ya zamani hukumbukwa, na mara nyingi mkubwa hukemewa kwa fumbo pale ambapo asingeweza kukemewa waziwazi. Nyingi hazijaandikwa popote, na wanaozijua kwa ukamilifu ni watu wa makamo na wazee.

Sindimba yenyewe imekwisha kuonja hasara ya namna hiyo. Tangu ilipopandishwa majukwaani baada ya Uhuru na kuenezwa kupitia vikundi vya taifa na shule, Watanzania wengi wameijua kwa viuno vyake tu, na wengi wanaoicheza kwenye sherehe hawajui mstari wowote wa Kimakonde. Hilo linaweza kueleweka kwa mtu wa mbali. Kwa mwanachuo aliyezaliwa Masasi, ambaye bibi yake bado yu hai na anaimba, linasikitisha.

Ninachoomba ni kwamba kila video ya ngoma iambatane na wimbo ulioandikwa, kwanza kwa lugha yenyewe, iwe Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, na kisha kwa Kiswahili, na maneno yaonekane chini ya picha wakati wachezaji wanapoimba. Najua ugumu wake. Vijana wengi waliokulia mjini wanaisikia lugha ya wazazi wao lakini hawaiandiki, na wimbo wa ngoma una maneno ya zamani yanayompiga chenga hata mzungumzaji mzuri. Kwa sababu hiyo, mwanachuo arudi kwa manju na karatasi yake, amsomee kwa sauti alichoandika, asahihishwe, na asome tena mpaka mwenye wimbo aridhike. Huko ndiko kusoma ninakokutaka, na naamini kunamfunza kijana usikivu kuliko kusoma peke yake mbele ya simu.

Katika video za kusoma nako kuna upungufu unaofanana na huo. Shairi husomwa kama tangazo la mkutano, mwili umekakamaa, macho hayabanduki kwenye ukurasa. Tunao utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957, unaohusu vita vya 1905 hadi 1907 vilivyoanzia Nandete, katika wilaya ya Kilwa, na kuenea katika nchi hii ya kusini. Utenzi ni wa kughaniwa, na mizani yake minane inamtaka mghani avute pumzi na kutulia mahali pake. Sijaona mwanachuo hata mmoja aliyeughani mbele ya kamera, na ningefurahi mno kumwona akifanya hivyo kwa sauti na mwili, huko huko vilikopita vita.

Nigusie pia heshima ya wachezaji. Mambo ya jando na unyago yana mipaka yake, na mwanachuo asielekeze simu mahali alipokatazwa hata kama anatafuta alama. Wachezaji na manju watajwe kwa majina mwishoni mwa video, wakiridhia. Ila mchezaji wa lipiko, yaani yule anayecheza amefunikwa kinyago, asitajwe wala asirekodiwe wakati anapojivika kinyago hicho, kwa kuwa siri ya aliyemo ndani ni sehemu ya ngoma yenyewe, na jina la kikundi na kijiji linatosha. Kwa wanaofikiria kuziweka video mtandaoni wapate fedha, wakumbuke kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi.

Mwisho, kazi hizi zisiishie kwenye flashi ya mkufunzi na kufutwa muhula unapoisha. Nakala moja irudishwe kwa kikundi kilichocheza, na nyingine, pamoja na maandishi ya nyimbo, ipelekwe maktaba ya mkoa ambako mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuitumia. Msimu wa ngoma huku kwetu huja baada ya mavuno, kiangazi kinapoingia, na huo ndio wakati wanachuo wanapotawanyika kwenda makwao. Nawaomba wakuu wa idara za Kiswahili na sanaa katika vyuo vyetu wayaandike masharti haya katika mwongozo wa kazi kabla vijana hawajaondoka, na kama wanaona hayatekelezeki, watujibu kupitia ukurasa huu.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mtwara