Barua ya wazi kwa mdogo wangu uliyeweka patasi chini

Mdogo wangu,

Salaam kutoka Lamu, nyumbani wote wazima alhamdulillah. Nakuandikia mbele za watu makusudi, manake jambo hili si lako peke yako, vijana wengi wa mtaani wameacha kuchonga nakshi za milango wakaenda kutafuta Mombasa na Nairobi, na siwalaumu, mtu lazima ale. Lakini ile kauli yako kwamba nakshi ni kazi ya wazee, haina mbele, imenikaa rohoni.

Hebu tazama Bhutan. Ni kijinchi tu huko milima ya Himalaya, kati ya India na China, watu hawafiki hata milioni moja. Wana kazi za mikono 13 wanaziita Zorig Chusum, kuna kuchonga mbao, kufuma, kufua fedha, kutengeneza karatasi, na tangu 1971 mji mkuu wao Thimphu una chuo cha serikali cha kuzifundisha. Kijana anakaa pale miaka, akitoka ana ufundi wa kuuza, na hapo ndipo panaponivutia mimi, manake kanuni zao za ujenzi zinataka hata jengo jipya la zege liwe na sura ya kwao, kwa kawaida madirisha ya mbao yenye nakshi na rangi, kwa hivyo mchongaji hangoji mtalii. Mfumaji vilevile, shuleni na ofisi za serikali wanaume wanavaa gho, wanawake kira, ndiyo mavazi yao ya asili, soko ni la mwaka mzima. Wageni wengi nao wanalipa dola 100 kwa usiku, hiyo ni ada ya serikali tu, chakula na kulala mbali.

Si kila kitu chao nakitaka lakini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavazi yale yalilazimishwa hadi kwa raia wenye asili ya Nepal, mambo yakaharibika, maelfu wakaishia kambi za wakimbizi. Lamu ina Wabajuni, Waboni, Waorma, sitaki utamaduni wa kusimamiwa na askari.

Sisi mji wetu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, siwa, zile pembe kubwa za kupulizwa za zamani, ziko makumbusho zimetunzwa, sawa kabisa. Ila mlango mpya nani atauchonga? Kuna mmoja hapa mtaani umeoza chini kwa mvua, juu mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, bado mzima, maua yake ukiyapitisha kidole unahisi pale patasi ilipogeuzwa kwenye kila jani. Aliyekufundisha kazi ndiye aliyeitwa kutia kipande, akasema mkono unatetemeka, hawezi tena yale maua madogo, labda akae kando aelekeze.

Basi njoo wakati wa Maulidi ukae japo mwezi. Mbao za mbambakofi nitanunua mimi, patasi zako mama amezipaka mafuta, na wapo watoto wawili wanaotoka madrasa jioni wanataka kujifunza. Malipo ya mlango nimeshazungumza na mwenye nyumba, utalipwa kama fundi si kama mtoto wa mtaa. Nijibu hapa hapa, hata kama ni la, wasome na wenzako.