Kebo ya pili isiondolewe, ipangwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mzunguko ndani ya mtandao wa kompyuta, jambo linalozikwamisha ofisi nyingi, za umma na za binafsi, ingawa ni nadra kutajwa kwa jina lake. Mwananchi aliye kwenye foleni ya hospitali au ya dirisha la malipo huambiwa kwamba mfumo uko chini, naye huondoka akiamini kwamba kosa ni la kampuni ya intaneti au la mkongo. Mara nyingine chanzo kimo ndani ya jengo hilohilo, katika kabati la swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi, ambako swichi mbili zimeunganishwa kwa kebo mbili ili moja ikikatika nyingine ishike kazi, lakini aliyeziunganisha hakuhakikisha kwamba zinajua ni kebo ipi ipitishe taarifa na ipi isubiri.

Fremu ya Ethaneti, yaani kifurushi cha taarifa kinachopita kwenye kebo za ofisi, tofauti na pakiti ya IP, kifurushi cha intaneti, haina kihesabio cha kuifuta baada ya kupita vituo kadhaa. Fremu inayotumwa kwa mashine zote ikifika kwenye swichi hutolewa kupitia kila poti (tundu la kuchomekea kebo) isipokuwa ile iliyoingilia. Kwa hiyo huvuka kwa kebo ya kwanza, hurudi kwa ya pili, hutolewa tena, na kila mzunguko humwaga nakala nyingine kwenye poti zote. Muda si mrefu mtandao mzima hujaa fremu hizo tu. Aliyewahi kulifungua kabati wakati huo anaijua dalili yake: taa za poti zote huwaka na kuzima kwa pamoja bila kupumzika, hata usiku ofisi ikiwa tupu, na swichi haimjibu fundi anayejaribu kuingia kuirekebisha. Chomoa kebo moja, taa zinatulia.

Kwa kuwa zinatulia, wakuu wengi wa ofisi huamua kwamba kebo ya pili ndiyo mkosaji na kupiga marufuku isirudishwe. Uamuzi huo siukubali hata kidogo. Jengo linalotegemea kebo moja litazimika siku panya atakapoitafuna au fundi ujenzi atakapoitoboa, na wagonjwa watarudi palepale kwenye foleni.

Dawa ipo tangu 1985, pale Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alipobuni Spaning Tri (Spanning Tree), itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya swichi, ambayo mafundi tunaiita STP. Mwaka 1990 ikaingizwa katika kiwango cha 802.1D cha IEEE, taasisi ya wahandisi inayoweka viwango vya kiufundi. Swichi hutumiana ujumbe mfupi kila baada ya sekunde 2, huchagua mojawapo kuwa kiongozi, kila moja hubaki na njia moja bora ya kumfikia, na poti zinazoweza kuleta mzunguko hufungwa zisipitishe taarifa za kawaida huku zikiendelea kusikiliza. Njia iliyo wazi ikikatika, iliyofungwa hufunguliwa. Zamani jambo hilo lilichukua sekunde 30 hadi 50. Toleo la haraka la 2001, 802.1w, kwa kawaida hulimaliza katika sekunde chache au chini ya hapo.

Hata hivyo, kuwa na STP pekee hakutoshi. Swichi zenye STP hutoka kiwandani zikiwa na kipaumbele kilekile, 32768, na namba ndogo ndiyo hushinda; zisipobadilishwa, uongozi huenda kwa yenye anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ambayo kifaa hupewa kiwandani), na hiyo aghalabu ndiyo swichi kongwe kuliko zote, pengine imesahaulika chini ya ngazi. Amri moja ya kuipa swichi kuu kipaumbele cha 4096 na msaidizi wake 8192 ingeondoa hatari ya swichi kongwe kuongoza mtandao, lakini huachwa kwa sababu mtandao "unafanya kazi". Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilipoteza mtandao wake kwa takriban siku nne, madaktari na wauguzi wakarudi kwenye karatasi. STP ilikuwepo, mtandao ndio uliokuwa umeongezwa kipande kwa kipande hadi ukazidi ukubwa ambao itifaki hiyo inaweza kuumudu.

Kwetu hatari kubwa zaidi iko kwenye meza za watumishi. Simu za mezani za IP, zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, nyingi zina poti mbili, na mtu anayehamisha meza akichomeka zote mbili ukutani ameshatengeneza mzunguko bila kujua; simlaumu, kwa sababu ni wajibu wa aliyesimika mtandao kuiwekea poti ya ukutani ulinzi wa kuifunga mara tu inapopokea ujumbe wa STP. Swichi za bei ya chini zisizo na mipangilio nazo zisiruhusiwe kuunganishwa kiholela katika mtandao wa hospitali. Na pale kebo mbili zinapounganisha swichi zilezile mbili, ziunganishwe kwa LACP, itifaki inayozifanya kebo kadhaa zitumike kama moja, pande zote mbili, ili zote zibebe mzigo badala ya moja kukaa bure.

Ninaziomba mamlaka zinazotangaza zabuni za mitandao ziandike matakwa haya katika masharti, na kabla ya mkandarasi kulipwa afanye majaribio mawili mbele ya mteja: achomoe kebo inayofanya kazi, kompyuta ziendelee kuwasiliana; kisha achomeke kebo moja kwenye poti mbili za ukutani, poti hizo zijifunge zenyewe na idara nyingine zisihisi chochote.

Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Morogoro