Harambee ya baraza la mkungu, Ngamiani, Tanga

Wagosi, wenyeji wa Tanga mlioko nyumbani na mlioko mbali: shikamooni wakubwa zetu, na wadogo hamjambo.

Naandika kama katibu wa kamati ya baraza letu la Ngamiani, lile lililo chini ya mti wa mkungu. Aliyekulia mtaani kwetu hahitaji kuelekezwa. Hapo ndipo ulipotumwa ukamwite babu aje kula, ukamkuta kainamia bao, akakwambia "nakuja", na ubwabwa ukapoa. Hapo ndipo habari za msiba zinapofika kwanza, na hapo ndipo posa nyingi za mtaa huu zilipoanza kunong'onwa kabla hazijafika kwa wazazi. Tunaomba mchango wenu kulijenga upya kabla ya masika.

Masika yaliyopita upepo ulikuja usiku ukang'oa bati za upande wa kusini, na mbao zilizobaki zilikuwa zimeliwa na mchwa hadi unazibonyeza kwa kidole. Asubuhi tulikuta benchi la saruji limepasuka katikati na sanduku la bati limejaa maji. Ndani ya sanduku lile zilikuwamo picha ambazo familia za mtaa zilituamini nazo: harusi, maulidi, timu za mtaa, mabinti wa shule siku ya Saba Saba. Kinamama walitandika kanga juani wakazipanga picha mojamoja na kuziwekea vijiwe pembeni zisipeperuke. Nyingi zilipona. Moja ya harusi ilibaki viatu vya bwana harusi na pindo la gauni la bibi harusi, juu kote kumekuwa wingu la kahawia. Mwenye picha ni bi mkubwa aliyebaki peke yake katika ndoa ile. Aliitazama, akaifunga katika leso yake, akatwambia tusijilaumu. Tangu siku hiyo kamati haijalala.

Huenda ukauliza kwa nini baraza, wakati mji una mahitaji mengi. Nitajibu kwa kuutazama mji wenyewe.

Tanga imeinuka, imelala, na sasa inainuka tena. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893 ikakwea hadi Moshi mwaka 1911. Mkonge uliufanya mji huu ujulikane duniani. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna tani zaidi ya laki mbili, na sehemu kubwa ilipita katika bandari yetu. Kisha kamba za nailoni zikaua bei, mashamba yakaota magugu, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Wengi mnaosoma hapa mliondoka miaka hiyo. Vijana walipanda basi la alfajiri kwenda Dar, wengine Mombasa, wengine wakavuka hadi Maskati. Ule usemi wetu wa "waja leo waondoka leo" ulikuwa wa kujisifia, ya kwamba mgeni akionja raha za Tanga huondoka kwa shingo upande. Miaka ile ukawa unachoma, kwa sababu waliokuwa wakiondoka ni wenyewe.

Leo nenda ukasimame kwenye bustani inayotazama bandari, karibu na mnara wa saa. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini. Sasa kina kimechimbwa kutoka mita tatu hivi hadi 13, na meli zinafunga gatini zenyewe. Kule Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko katika ardhi yetu. Nyumba za wageni zimejaa. Anayeuza chapati na bajia pale kona ameongeza jiko la pili, na mafundi baiskeli, ambao Tanga bila wao si Tanga, wamekaa bega kwa bega na mafundi bodaboda.

Mji umekumbuka na mambo yake ya kale pia. Boma la Wajerumani limekarabatiwa, sasa ni makumbusho, na watoto wa shule wanapelekwa kuona. Wageni wanakwenda mapango ya Amboni, wanakwenda Tongoni kuona makaburi yenye nguzo, wanasimuliwa vita vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lililokuja na askari kutoka India liliposhindwa kuutwaa mji, na nyuki nao wakaingia vitani. Haya yote ni mazuri na tunayaombea yazidi.

Lakini mji si gati na boma tu. Hizi barabara zetu za namba, ya kwanza, ya sita, ya kumi na mbili, hazimo kwenye kadi za watalii, na ndizo zilizozaa sifa ya Tanga. Taarabu ya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Bi Shakila, haikutoka hewani. Ilitoka katika mitaa ambamo watu walikaa pamoja jioni. Bendi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz vilevile. Timu yetu ya mpira, Coastal Union, ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, wazee wetu wanasema waliotoka uwanja wa Mkwakwani hawakwenda majumbani, walikuja barazani, kukakesha. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962, ni wa hapa hapa kwetu, mtu wa lugha hii tunayoitumia kusalimiana kila asubuhi.

Mimi naamini, na kamati nzima inaamini, kwamba fedha zinarudi Tanga kwa kasi kuliko watu wanavyorudi kujuana. Kila wiki kuna kijana mgeni, kaja kwa kazi ya bandari au bomba, anapita kuuliza njia. Zamani angeambiwa "kaa kwanza, kunywa kahawa". Muuza kahawa wetu bado yupo, bado anagonganisha vile vikombe vyake, tik-tik, tik-tik, ukisikia toka nyumba ya nne unajua saa kumi imefika. Ila sasa anamimina akiwa amesimama, mnywaji naye kasimama, kwa sababu mvua ikinyesha hakuna pa kujibanza na jua likiwaka benchi lililobaki ni la watu watatu. Mgeni anakunywa, anarudisha kikombe, anakwenda zake. Hatujui jina lake, naye hajui letu.

Ndiyo maana tunajenga. Paa jipya, yaani bati, mbao zilizotiwa dawa na ufundi, ni shilingi 3,400,000. Sakafu na mabenchi ya saruji kuuzunguka mkungu pande zote ni 2,900,000. Mti wenyewe haukatwi, fundi ameshaelewa, mizizi imeachiwa nafasi. Choo cha kinababa na cha kinamama pamoja na simtanki la lita 2,000 ni 5,200,000, nacho ndicho kilichozua mjadala mrefu kuliko yote. Wapo waliosema baraza halina haja ya choo. Kinamama wakasimama, wakasema wao hawakai barazani kwa sababu hiyo hiyo, na kama baraza ni la mtaa basi liwe la mtaa wote. Mjadala ukaishia hapo. Umeme na taa ni 900,000. Chumba kidogo cha nyuma kitakuwa na meza, viti na rafu za vitabu kwa ajili ya wanafunzi wanaosomea chini ya taa za barabarani, na ukutani zitatundikwa zile picha zilizopona. Hayo ni 2,100,000.

Jumla ni shilingi 14,500,000. Wakazi wa mtaa tumeshatoa 3,850,000. Kikoba cha kinamama kilitangulia, vijana wa bodaboda wakatoa mapato ya siku nzima, msikiti na kanisa la jirani wakatangaza kila mmoja siku yake ya ibada, na mstaafu mmoja wa bandari alileta mifuko kumi ya saruji kwa mkokoteni akaondoka kabla hatujapata kumshukuru. Zinabaki 10,650,000, na hizo ndizo tunazowaombeni ninyi.

Atakayetoa bati moja, tunapokea. Atakayetoa mfuko wa saruji au siku moja ya kazi ya fundi, tunapokea kwa mikono miwili. Mlioko Dar mnaweza kukusanyana kwa ukoo, au kwa darasa mliosoma pamoja, na mlioko Ghuba na Ulaya vivyo hivyo. Fedha zote zinapita kwa mweka hazina wetu katika ofisi ya serikali ya mtaa, na anayetoa anapewa stakabadhi papo hapo, hata kama ni shilingi elfu moja. Asiyeweza kufika awasiliane na ndugu yake aliyepo mtaani, apite ofisini kwa niaba yake. Daftari la mapato na matumizi litakaa wazi barazani, na kila Ijumaa jioni litasomwa kwa sauti.

Tunaomba na picha pia. Kama kabatini kwenu kuna picha ya Ngamiani ya zamani, ya duka, ya ngoma, ya mtoto juu ya baiskeli ya baba yake, tutaichukua nakala na kuirudisha siku hiyo hiyo. Sanduku la sasa halipitishi maji, tumelijaribu. Yule bi mkubwa amesema kama kuna mtu ana picha nyingine ya harusi yake, hata aliyosimama nyuma kabisa, anaomba aione.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili, hapo hapo chini ya mkungu. Kinamama watapika pilau. Patakuwa na mnada wa kuku, nazi na mikeka, na bao litachezwa kati ya wazee wa barabara za juu na wa barabara za chini, kila anayefungwa atoe mchango. Wageni wa mji, mnaofanya kazi bandarini na kwenye bomba, nanyi mmealikwa. Tunaanza saa mbili asubuhi. Muuza kahawa ameahidi kwamba birika la kwanza halilipiwi.