Watoto wa kwenye TV sio wote wanapotea

Mhariri, salamu toka Majengo hapa Dodoma. Mi ni fundi cherehani, redio kibarazani haizimwi, sasa juzi watangazaji wakawa wanaongelea watoto wanaoanza kuigiza mapema, yani ni madawa na talaka mwanzo mwisho, nikajisemea mbona Danica McKellar hawamtaji?

Huyu ni Mmarekani, kazaliwa 1975. Alicheza kama Winnie kwenye tamthilia ya The Wonder Years kuanzia 1988 mpaka 1993, kwa hiyo kakulia mbele ya kamera kabisa. Ilipoisha akaenda chuo cha UCLA kusoma hesabu, ndio hesabu hizi hizi zinazotutoa jasho, akamaliza 1998, na kuna nadharia ya kihesabu inabeba jina lake na wenzake wawili, Chayes-McKellar-Winn (msiniulize inasemaje). Toka 2007 anatoa vitabu vya kuwafundisha mabinti hesabu na kuigiza bado anaigiza.

Magazeti nayo yaandike habari za watu kama hawa jamani. Nina binti kidato cha pili, daftari lake la hesabu wino mwekundu utadhani kamwagiwa juisi ya zabibu. Nikamwonesha picha ya Winnie kwenye simu, akaniuliza, "Mama, huyu naye alikuwa anatafuta eksi?" Nikamwambia eeh. Usiku ule alikaa na aljebra yake mezani, kitambaa cha mteja kasukumia pembeni, mpaka luku ikakata.

Mama Fundi, Majengo, Dodoma