Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hewa Ukaa ya Lami Ihesabiwe Inakotoka

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya chama mwaka huu imekuwa kuoanisha hesabu zetu za hewa ukaa, ili mtambo mmoja wa kuchanganya lami na kokoto za barabara uweze kulinganishwa na mwingine. Mambo ya fedha na uanachama yamo kwenye taarifa za mhazini na katibu.

Kosa linalopotosha zaidi ni kuzidisha tani za lami kwa kigezo cha hewa ukaa cha mafuta yanayochomwa. Kwa viwango vya 2006 vya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, tani moja ya lami ina gigajuli 40.2, na kila gigajuli ina kilo 22 za kaboni. Ukiichoma yote utapata takriban tani 3.2 za hewa ukaa. Lakini sisi hatuichomi. Inalala barabarani na kaboni yake ndani, na mwongozo huohuo unasema hewa ukaa inayotoka moja kwa moja kwenye lami wakati wa kutengeneza na kutandaza ni ndogo mno. Kwa mchanganyiko wa kokoto wenye lami asilimia 5, kosa hilo linaongeza kilo 162 za hewa ukaa kwa kila tani ya mchanganyiko, kilo ambazo hazijawahi kwenda hewani. Jedwali la EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, lenye kilo 11.91 kwa galoni ya lami na mafuta ya barabara, nalo ni la kuchoma. Lisitumike hapa.

Lami iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa ni habari nyingine. Mafuta yale hukauka baada ya kumwagwa, na kila kilo inayoruka huishia kuwa takriban kilo 3.1 za hewa ukaa. Andikeni uzito wa kizimulio, yaani mafuta hayo ya kuzimulia, kutoka cheti cha kila shehena. Pale masharti ya kazi yanaporuhusu, lami ya maji iliyo kama maziwa ndiyo bora, kwa sababu kinachokauka zaidi ni maji.

Sasa tanuri la kukaushia kokoto, ambako ndiko mafuta yetu mengi yanakoishia. Adui mkubwa pale ni maji. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 na kuigeuza mvuke kunahitaji takriban megajuli 2.6. Kokoto zenye unyevu wa asilimia 5 zina kilo 50 za maji kwa tani kavu, yaani megajuli 130. Kupasha tani hiyo ya mawe yenyewe hadi nyuzi 160 kunakula karibu kiasi hichohicho! Kwa dizeli, maji hayo peke yake ni karibu kilo 9.6 za hewa ukaa, kabla ya joto linalopotelea kwenye bomba la moshi.

Kwa hiyo unyevu upimwe kila siku, na kila mvua inaponyesha. Sampuli ichukuliwe kwenye mkanda unaopeleka kokoto tanurini, si juu ya lundo ambako jua limeshakausha. Ipime, iweke kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi uzito usibadilike, kisha gawanya maji yaliyotoka kwa uzito mkavu. Gramu 2,100 zikibaki 2,000, unyevu ni asilimia 5. Mkigawanya kwa uzito mbichi mtapata 4.8, na fomu mbili hazitalingana. Mchanga laini ndio unaoshika maji zaidi, hivyo kama paa ni moja, ufunikwe mchanga kwanza. Sakafu ya lundo iwe na mteremko, na mpakiaji asikwangue chini kabisa.

Tangi moja linapolisha kichomeo, jenereta na mitambo ya kupakia, hakuna hesabu inayosimama. Kila kimoja kiwe na mita yake, pamoja na hita ya matangi ya lami, ambayo huwaka hata siku zisizo na uzalishaji. Tani za kugawia, ili kupata mafuta kwa kila tani, ziwe zilizozalishwa, na shehena zilizotupwa ziandikwe kando. Mkigawanya kwa tani zilizouzwa pekee, hasara ya kutupa itaonekana kama ubovu wa kichomeo.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: fomu ya kila mwezi yenye mafuta kwa kila mita, unyevu na tani zilizozalishwa, na safu ya pekee ya kizimulio. Hewa ukaa iliyotoka kiwandani wakati wa kusafisha mafuta ghafi kupata lami itaandikwa ukurasa mwingine, kwa takwimu za msambazaji, isichanganywe na ya mtambo.