Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, akina mama, na vijana mliofika wachache kuliko siku ya pilau la Idi, asalaam aleikum na hamjambo.

Mweka hazina atawasomea hesabu, na kamati ya misiba na harusi itajieleza yenyewe. Sina la kuwaongezea, ila michango ya kila mwezi bado inachelewa. Mimi nitazungumzia ukumbi ambao kaunti inataka kuujenga kule kwetu pwani.

Mnakumbuka ulianza kama tetesi. Kisha ukaja mchoro wa rangi kwenye simu: jumba la vioo karibu na ufuo, bendera mlangoni, watu wa suti wakisalimiana, na hakuna hata mmoja aliyevaa kikoi. Ukumbi wa mikutano ya kimataifa, kwa fedha za kaunti, katika mji wetu ambao maji ya mfereji hufika mara mbili kwa wiki yakipenda. Tuliambiwa kwamba sisi wa Nairobi tusiingilie. Lakini mama zetu wako kule, na ndoo za kuteka maji ni sisi tunaowanunulia.

Katibu aliomba stakabadhi kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Siku zikapita. Barua ya pili ndiyo iliyotuletea kurasa chache. Gharama ya kujenga ilikuwemo. Atakayelipa umeme, walinzi na mafundi wa mitambo ya ubaridi hakutajwa popote. Kila mwenye nyumba kule anajua chumvi ya bahari inavyokula mabati. Mitambo hiyo haitasamehewa. Kamati ya chama ilipokosa ukurasa wa gharama hizo ndipo ilipoamua kupinga.

Wanaoutaka wana hoja moja nzito. Masika yakiingia hoteli hufungwa na vijana hurudishwa nyumbani, kwa hiyo mikutano itajaza pengo. Siidharau. Baba yangu alikuwa mpishi wa hoteli, na Mei kwetu ulikuwa mwezi wa muhogo. Lakini mikutano ya masika hapa Kenya ni ipi? Ni warsha za wizara, za kaunti na za mashirika, na tayari zinafanyika katika kumbi za hoteli. Warsha ikihamia kwenye jumba la kaunti, mpishi wa hoteli hapati kazi mpya, anaipoteza aliyokuwa nayo. Na hoteli hiyo, inayolipa ushuru wa utalii wa asilimia 2, itakuwa inashindana na jengo lililojengwa kwa kodi.

Tulitajiwa Kigali. Ni kweli, jumba lao lililofunguliwa 2016 lina wageni. Lakini Rwanda ina shirika lake la ndege, na tangu 2018 raia wa nchi yoyote hupewa viza anapofika. Kwetu mgeni atatua Mombasa kwanza, kisha apambane na malori. Jirani wa kutufunza zaidi ni Arusha. AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha huko, ilirithi majengo baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, na haikuishi kwa mikutano peke yake: ina nyumba za kupangisha na hospitali, na kwa miaka mingi ilikuwa na mpangaji mkubwa, ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda. Sisi tutampangisha nani?

Hata Marekani wamekwama. Mwaka 2005 Profesa Heywood Sanders wa Texas alionyesha kwamba tangu 1990 nafasi za kumbi kule ziliongezeka kwa zaidi ya nusu huku wahudhuriaji wakibaki wale wale, hadi miji ikawa inavutana kwa kupunguza bei. Na KICC yetu hapa Nairobi, jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta, iliyopokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF mwaka 1973, iliwekwa na serikali mwaka 2023 kwenye orodha ya mashirika 11 ya kuuzwa, mpaka Mahakama Kuu ikazuia.

Nikiri kosa langu. Kikao cha kwanza cha maoni tulikwenda na hasira bila karatasi, tukachekwa. Mara ya pili tulishika kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kinachokataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango, tukaonyesha kwamba ukumbi haumo katika mpango wa kaunti wa miaka mitano wa 2023 hadi 2027. Hawakucheka. Fungu la ujenzi liliondolewa kwenye bajeti. La upembuzi yakinifu, yaani la kuchunguza kama mradi unafaa, likabaki, nami siiti hiyo ushindi. Mchoro ule bado uko kwenye simu za watu.

Wanachama wawili wenye kampuni za ujenzi walijitoa kwa ajili ya msimamo huu. Nawaelewa, tenda ni tenda. Viti vya plastiki walivyoazima, hata hivyo, ni vya chama.

Makadirio mapya ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na vikao vya maoni vitafuata. Tutakodi basi la usiku kutoka hapa Pangani. Daftari la majina liko mlangoni kwa katibu. Asiyeweza kusafiri awapigie jamaa zake waje kikaoni, na kila mmoja abebe bili yake ya maji.